Mimi, Bi Simanzi na Shuka la Maiti

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Nguo za ukumbi wa maigizo zimekuja kufuliwa, na ndani ya furushi mna leso za Bi Simanzi. Zake mwenyewe! Nimezitenga na nguo za watu wa kawaida, nikazipa beseni la peke yake. Hakuna mwigizaji anayelia jukwaani kama yule mama. Akianza yeye, ukumbi mzima unatafuta pa kufutia kamasi. Jukwaani nilimwona mara moja tu, kabla sijaoa, nikalia mpaka jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nimefiwa. Tangu siku hiyo sina msanii mwingine.

Leso zinanuka vitunguu, kama kawaida yake. Msanii mkubwa vile, na bado anajipikia! Nilimwambia mke wangu kwamba hilo ndilo ninalompendea, unyenyekevu. Mke wangu alinitazama, akaitazama leso, akaendelea kupiga pasi.

Duka letu la dobi ni la watu wawili. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Mipango ya maendeleo naifanya mimi. Mpango wa sungura uliharibiwa na sungura wenyewe. Mpango wa sabuni ya maji niliyoibuni kwa akili yangu uliharibiwa na ngozi za wateja, ngozi laini kupita kiasi. Mke wangu anazikumbuka habari hizo kuliko inavyofaa.

Mchana kafika Mama Mkwe, bila taarifa. Nilimpa shikamoo kwa adabu zote. Akaitika huku macho yakiwa kwenye dari, pale panapovuja.

Jioni mambo yakaharibika. Tukiwa mezani, Mama Mkwe alisema binti yake amekonda. Halafu akaniuliza, kwa upole wa kutisha, nina lipi la maana maishani zaidi ya kulowesha nguo za watu. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema mimi na Bi Simanzi ni watu wa karibu sana. Nikasema hapandi jukwaani bila kuniuliza ushauri. Nilitia chumvi kidogo, basi. Ukweli ni kwamba aliwahi kuniambia nimpishe, pale getini.

Kumbe Mama Mkwe naye anampenda Bi Simanzi kufa! Akaweka kijiko chini. Akasema vizuri sana. Jumamosi kuna onyesho la alasiri, basi nimpeleke, na likiisha nimkutanishe na huyo rafiki yangu ana kwa ana. Nikiweza, hatanisema tena maisha yake yote. Nikishindwa, Jumapili anaondoka na binti yake, akapumzike kwao mpaka mumewe ajue kusema jambo na likawa kweli.

Nilicheka. Nikamgeukia mke wangu ili tucheke pamoja. Hakucheka. Alisema amechoka, na mama yake hajasema kitu ambacho yeye mwenyewe hajakiwaza.

Nampenda mke wangu. Akiondoka nitabaki na nguo za mtaa mzima zilizokunjamana, na mimi nikiwa nimekunjamana kuliko zote.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na ari. Mwanamume hashindwi na Jumamosi moja.

Kwanza tiketi. Dirishani nikakuta zimebaki mbili tu, zote za safu ya tatu. Nimezichukua. Nyumbani nikasema Bi Simanzi kazituma kwa heshima ya Mama. Mke wangu akauliza yangu iko wapi. Nikajibu kwamba mtu kama mimi hahitaji tiketi, mimi nakaa ndani na wasanii wenyewe. Ulimi wangu huu! Unatangulia mbele, mimi nabaki nyuma nikiukimbiza.

Pili, kuingia ndani. Nilibeba nguo zilizokauka nikazipeleka mwenyewe, nimevaa shati jeupe, nywele nimezilaza kwa maji. Mpango ulikuwa mwepesi: niingie na furushi mpaka chumba cha Bi Simanzi, nimkabidhi leso mkononi, tuzoeane. Saa ile ile tungekuwa marafiki, na uongo wangu ungegeuka ukweli uliotangulia kufika.

Mlinzi wa geti akanizuia. Mrefu, mwembamba, uso kama amekula limau. Alisema udobi unaishia getini. Nikamweleza kwa upole kwamba nina jambo binafsi na Bi Simanzi. Akasema kila mtu ana jambo binafsi na Bi Simanzi. Kisha akavuta pumzi, akanyoosha kola, akasema kwamba hata hivyo anayemjua Bi Simanzi vizuri hapa duniani ni yeye, kwa sababu yeye ni msanii mwenzake.

Nikamcheka. Hapo akanieleza. Katika mchezo wao, Mjane wa Ghorofa ya Pili, sehemu ya pili kuna maiti ya mume, imelazwa kitandani na kufunikwa shuka jeupe. Bi Simanzi anapiga magoti, anaushika mkono wa maiti, analia. Anafunua uso, anaaga, analia zaidi. Maiti ni yeye mlinzi. Kila onyesho!

Nilirudi nyumbani miguu mizito. Miaka yote nafua lile shuka, nalisugua kwa mikono yangu hii, na kumbe anayelala chini yake ni lile limbukeni la getini! Bi Simanzi anamshika mkono! Wivu umenikaba mpaka nimesahau suruali za watu kwenye maji ya bluu. Zilikuwa za kijivu. Sasa sina jina la rangi yake.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Na limekuja lenyewe, nikiwa nimeinama kwenye beseni.

Shuka la maiti limo kwenye nguo za wiki hii. Liko mikononi mwangu, na maiti hana shuka jingine. Sasa, kila dobi anajua kwamba wanga kidogo unafanya nguo isimame vizuri. Wanga mwingi unafanya nguo iwashe. Wanga mwingi sana unafanya nguo isivaliwe na mtu mwenye ngozi hai.

Nilikoroga sufuria nzima. Nikalitumbukiza shuka, nikalianika, likakauka, nikalirudisha tena kwenye wanga. Mke wangu akauliza uji ule wote ni wa nani. Nikasema ni maagizo ya ukumbi, wanataka shuka lenye heshima. Akalipiga pasi bila neno. Likawa linalia chini ya pasi, kra, kra, kra. Alipolimaliza nililiegemeza ukutani. Likasimama peke yake.

Mke wangu aliliangalia shuka lililosimama, kisha akaniangalia mimi. Akauliza kama kuna jambo. Nikasema hakuna. Ana macho ya kumfanya mtu ajione ana doa, yule.

Nimelipeleka jioni. Mlinzi alilipokea kwa mikono miwili kama mlango. Akaniuliza mbona zito. Nikamwambia ni usafi.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Ushindi mtupu!

Leo walikuwa na mazoezi. Nikapeleka nguo zilizobaki, nikakuta getini hakuna mtu. Bila shaka! Mlinzi akiwa maiti, geti halina mlinzi. Ajabu ni kwamba hakuna mwizi aliyewahi kuliona hilo. Nikapita kifua mbele mpaka nyuma ya jukwaa, nikajibanza kwenye pazia.

Mlinzi alikuwa kitandani, kafunikwa. Bi Simanzi hakuwepo, yeye mazoezi ya kawaida hahudhurii. Aliyesimama mahali pake alikuwa mwongozaji mwenyewe, jina lake la utani Kofia, maana haivui hata ndani. Akapiga magoti akaanza kulia kwa niaba. Maiti akajikuna goti. Kofia akanyamaza, akaanza upya. Maiti akajikuna tumbo. Halafu mgongo. Halafu, Mungu wangu, maiti akajikuna kwa mikono yote miwili, shuka linapiga kelele kama bati.

Kofia alivua kofia. Watu wote wakarudi nyuma. Alisema ameongoza michezo tangu ujana wake na hajawahi kuona marehemu mwenye shughuli nyingi hivi. Mlinzi akalalamika kwamba shuka lina wadudu. Kofia akasema shuka ni safi, mchafu ni yeye, arudi getini kwake, na sasa maiti atampata wapi keshokutwa?

Nikatoka kwenye pazia. Nilikohoa kidogo, kwa unyenyekevu. Nikasema mimi ni dobi wa shuka hilo, nalifahamu, haliwezi kunisumbua. Kofia akaniambia nilale. Nikalala juu ya shuka, nguo zangu zote mwilini, sikutikisa hata ukope. Akaniuliza kama naweza kunyamaza. Nikasema kati ya watu wote anaowajua, hatampata mkimya kama mimi. Nilieleza jambo hilo kwa urefu. Akasema basi, basi, nimekubaliwa.

Maiti wa Bi Simanzi! Mimi! Mpango umekamilika wenyewe. Jumamosi atanishika mkono mbele ya Mama Mkwe na umati wote. Onyesho likiisha nitanyanyuka, nitaushika mkono ule ule, nitamwongoza hadi kwa Mama Mkwe. Nani atasema hatufahamiani? Nyumbani sijasema kitu. Nataka wabaki midomo wazi.

Mlinzi, nilipokuwa natoka, alikuwa bado kando ya kitanda, anajipaka mafuta mikononi. Hakusema neno. Lakini alichukua ncha ya shuka kwa vidole viwili, akaikunja, ikakatika kama biskuti. Akanitazama mpaka nilipopinda kona.

Ijumaa, 7 Juni

Tatizo dogo. Asubuhi nimekumbuka kwamba atakayelala chini ya lile shuka sasa ni mimi.

Nilikimbia ukumbini kuomba nilifue tena. Kofia akakataa katakata. Kitanda kimeshatandikwa, na tena amelipenda shuka lilivyo, anasema linasimama kama jiwe la kaburi, hajawahi kupata shuka lenye msiba kama hili. Akanisifu. Nikashukuru. Ningefanyaje?

Nikauliza kama naweza kumsalimia Bi Simanzi kabla ya onyesho. Akasema hapana, Bi Simanzi hapendi kuwajua marehemu wake. Inampunguzia uchungu.

Mchana nilifanya mazoezi ya kufa juu ya meza ya pasi. Nilikuwa naendelea vizuri sana mpaka mke wangu alipoingia na nguo. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Akakaa pembeni ya meza. Akasema, taratibu, kwamba kama kuna kitu nataka kumwambia, leo ndiyo siku, na hatakasirika. Alisema hivyo, hatakasirika. Mkono wake ulikuwa begani kwangu, una alama ya pasi pale karibu na kidole gumba.

Nilikaribia kusema. Halafu nikawaza jinsi atakavyofurahi kesho. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. Akauondoa mkono.

Mama Mkwe anajiandaa kama anakwenda kuposa. Gauni lake la buluu limepigwa pasi mara mbili. Akaniuliza ampelekee Bi Simanzi zawadi gani, mimi nimjuaye kwa ndani. Nikafikiria leso. Nikasema vitunguu, anavipenda sana, anajipikia mwenyewe. Mama Mkwe akashangaa. Lakini jioni nimemwona amerudi na mfuko mzima wa vitunguu, vyekundu, amevichagua kimoja kimoja.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nimekaa upande mmoja. Mgongo na shingo vinawaka moto. Nitaeleza yote kwa utulivu.

Niliwaacha Mama Mkwe na mke wangu mlangoni, nikawaambia mimi napitia kwa wasanii. Walikwenda kukaa. Mimi nikalala. Nimevaa bukta tu, maana Kofia alisema maiti mwenye shati anaonekana kama mgonjwa. Dakika ya mwisho kabla ya pazia la sehemu ya pili, mlinzi akaja kunifunika. Alinifunika vizuri mno. Akachomeka shuka chini ya godoro pande zote, akalivuta hadi shingoni, ukingo wake ukanikaa kooni kama msumeno. Akauacha nje mkono mmoja tu, wa kushikwa. Halafu akaufunika uso wangu, akanitakia usingizi mwema.

Pazia likafunguka. Ikaanza kuwasha. Kwanza magoti, kisha mbavu, kisha sehemu ambazo sikujua kama ni zangu. Nikajikaza kisabuni. Nilijiambia, mke wako yuko safu ya tatu, kufa vizuri.

Nikasikia viatu. Viatu vyake! Akapiga magoti, akaushika mkono wangu. Bi Simanzi! Mkono wa baridi, na ndani yake leso, na ndani ya leso kitunguu. Nusu nzima, kimetoka kukatwa. Moyo ukaniuma kwa huruma. Maskini mama wa watu, hata kupika hakumaliza, kaja kazini na kitunguu mkononi! Akakipeleka usoni pake, akaanza kulia. Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Akafunua uso wangu.

Hapo ndipo Mama Mkwe alipopiga yowe. Sijawahi kusikia yowe kama lile. Alisimama safu ya tatu akaniita mkwe wake, mwanawe, kipenzi chake. Alilia kwamba amenisema vibaya mno na mimi nilikuwa na moyo mzuri! Kwamba jana tu nilikula naye! Kwamba binti yake mjane atamweka wapi, na nguo za watu bado ziko kwenye maji! Watu walidhani ni sehemu ya mchezo. Nikasikia ukumbi unalia, watu wazima, wanaume wenye ndevu zao.

Na mimi machozi yakanitoka. Kitunguu kilikuwa puani, sikatai, lakini hayakuwa ya kitunguu. Hakuna aliyewahi kunisema vizuri namna ile. Ningenyamaza pale tu, ningebaki mtu mwema hadi sasa.

Bi Simanzi hakukubali kushindwa kulia na mtu aliyekata tiketi. Aliniinamia, akalia kwa nguvu zote, wanja ukamtiririka mashavuni. Tone likaanguka. Nikaliona kwa jicho nililofungua kidogo. Jeusi, bichi, katikati ya shuka langu jeupe, kwenye wanga! Nikasema moyoni, wewe ni maiti, hayakuhusu.

Akalifuta kwa kidole gumba.

Nikauma meno. Akalisugua tena, huku na huku, doa likawa kubwa kama sahani. Jamani! Mtu ana mipaka yake!

Nikasema, "Usisugue, Bi! Utalieneza! Loweka kwanza!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha ukumbi mzima, kuanzia safu za mbele mpaka wauza tiketi mlangoni. Kilio cha Mama Mkwe kilikatika katikati. Niligeuza shingo kumtafuta, na kitu cha mwisho nilichokiona kikija ni kiatu chake. Ana shabaha.

Pazia likafungwa mbio. Bi Simanzi alisimama juu yangu, uso mweusi kwa wanja, akauliza, "Huyu nani?" Nimesubiri miaka mingi aniulizie. Nikamjibu kwamba mimi ni dobi wake, mpenzi wake mkubwa. Akasema niondolewe. Mlinzi ndiye aliyeniondoa, kwa makwapa, na sijapata kumwona mtu akifurahia kazi yake vile.

Basi niko getini na bukta yangu, nimejifunika pazia la zamani. Akatoka mtu kuulizia yule mama wa safu ya tatu aliyelia, Bi Simanzi anamwita. Mama Mkwe akapita mbele yangu, kiatu kimoja mguuni, mfuko wa vitunguu kifuani. Mke wangu nyuma yake. Nikataka kufuata. Mlinzi akaninong'oneza kwamba udobi unaishia getini.

Yaliyotokea ndani nimeelezwa na mke wangu njiani. Bi Simanzi alimuuliza Mama Mkwe ni nani aliyemfundisha kulia hivyo. Mama Mkwe akampa vitunguu. Bi Simanzi akaangalia ndani ya mfuko, akamkumbatia, akasema tangu aanze kazi hajapata mpenzi anayeielewa sanaa yake kiasi kile. Wakanywa chai. Akamvika skafu yake. Mwisho akauliza habari za yule maiti mpumbavu, kama anamfahamu.

Mama Mkwe alifikiri kidogo, akasema hamfahamu.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nikakuta mabegi mlangoni. Mawili ya Mama Mkwe. La tatu la mke wangu.

Mama Mkwe alikuwa amekaa kati yao, skafu shingoni. Hakunifokea, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema makubaliano ni makubaliano. Niliahidi kumkutanisha na Bi Simanzi. Vilivyomkutanisha ni koo lake mwenyewe na mfuko wa vitunguu. Basi la asubuhi linakaribia kuondoka.

Mke wangu akamwomba asubiri. Akaniita chumba cha pasi, akafunga mlango. Akaniuliza swali moja: Bi Simanzi amewahi kunijua?

Nilikuwa na jibu tayari. Zuri sana. Kwamba mbele za watu wasanii hujifanya hawakujui, ndiyo desturi yao. Nikafungua mdomo. Nikaona ile alama ya moto kwenye mkono wake, aliyoipata akinyoosha nguo nilizoahidi mimi kuwa zitakuwa tayari. Mdomo ukafanya kitu kigeni. Ukasema hapana. Ukasema aliniambia nimpishe, mara moja, basi. Ukasema tiketi nilinunua dirishani kama watu wote, na wanga ulikuwa wangu, na mlinzi nilimwonea. Nikasema naogopa akiondoka. Hilo nalo lilitoka lenyewe.

Alikaa juu ya rundo la mashuka. Akaniangalia. Akasema, polepole, loweka kwanza. Na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka, akajaribu kuyafuta kwa shuka la mteja, akakumbuka tena, akaanza upya. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu enzi za sungura. Nilitamani asinyamaze.

Akaenda akalichukua begi lake mlangoni, akalirudisha ndani. Alimwambia mama yake atabaki. Kwa sharti moja: nisiseme tena, kwa mtu yeyote, kwamba namjua mtu nisiyemjua. Hata mara moja tu ikimfikia sikioni, hataniuliza tena swali lolote. Nikaapa, mkono juu ya pasi. Ilikuwa ya moto. Nimefungwa kitambaa.

Mama Mkwe ameondoka na basi lake. Nilimbebea mabegi mpaka stendi. Dirishani alinitazama, akasema nijitunze. Sikumbuki kama amewahi kuniambia hivyo nikiwa hai.

Jumanne, 11 Juni

Mimi ni mtu mpya. Jana kutwa sikusema uongo hata mmoja, ingawa wateja walikuja wengi na nafasi zilikuwepo. Mke wangu anapiga pasi huku akiimba. Chai yangu leo ilikuwa na sukari bila kuomba. Ndoa ikitulia, hata sabuni inatoa povu vizuri.

Mchana akaja mteja mmoja, bwana mwenye kitambi na maneno mengi, kaleta koti. Akasema analitaka mapema, Jumamosi anapeleka familia yake ukumbini kumwona yule mpiga tarumbeta maarufu. Nikamwandikia koti lake. Sikusema kitu. Akasema ni mtu wa ajabu, yule. Nikakubali kwa kichwa. Akasema watoto wake wanatamani kumgusa mkono, ila ndiyo hivyo, mtu kama yule nani atamfikia?

Nilinyamaza. Naapa nilinyamaza. Nilihesabu vibanio vyote kwenye kamba. Lakini yule bwana akarudia, tena kwa kuguna, kwamba watu wa hali yetu hatuwezi kumfikia. Watu wa hali yetu!

Nikamwambia asinichekeshe. Nani, Tarumbeta? Yule si kama ndugu yangu? Suruali zake nani anazifua? Hapulizi hata pumzi moja bila kuniuliza. Bwana yule akanishika mikono yote miwili, hata huu wenye kitambaa. Tumekubaliana nimpokee Jumamosi getini, yeye, mkewe, watoto wote na shemeji zake.

Ni jambo dogo tu. Bendi ile ina ngoma moja kubwa, nimeiona inashushwa, na mtu akijikunja vizuri anaenea ndani bila shida. Tofauti na safari ile, humu hamna shuka.

Nyuma ya mlango nikasikia pasi imenyamaza. Mke wangu akatoka, mikono anaifuta taratibu. Hakuuliza habari za yule bwana kabisa, wala za tarumbeta. Alitaka kujua tu kama basi la asubuhi la kwenda kwa mama yake bado linaondokea stendi ile ile.

Maskini, amemkumbuka mama yake, na hata siku tatu hazijapita. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitamtafutia kiti cha mbele kabisa, dereva wa basi lile ni rafiki yangu wa damu. Kesho nitawahi stendi nikajitambulishe kwake.